China na Kura ya Mnyonge

Taifa linapoinuka, watu hutazama majeshi yake, viwanda vyake na hazina yake, wakadhani kwamba hizo ndizo ngazi pekee lililopandia. Ni mara chache watu huuliza swali jingine: je, taifa hilo liliwasalimiaje wadogo wakati lenyewe lilipokuwa nje likibisha hodi? Katika miaka yangu ya kufundisha historia nimeona kwamba swali hilo hufungua milango ambayo hesabu ya mizinga na fedha haiwezi kuifungua. Katika kurasa hizi nataka kulijibu kwa mfano wa China. Nimeichagua China kwa sababu safari yake, kutoka kutengwa hadi kuketi miongoni mwa wakubwa wa dunia, sisi wa rika langu tuliiona ikitendeka, na kwa sababu sehemu ya safari hiyo ilipita katika ardhi yetu.

Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao Zedong alitangaza mjini Beijing kuzaliwa kwa Jamhuri ya Watu wa China. Chiang Kai-shek, aliyeshindwa vitani, alikimbilia kisiwa cha Taiwan pamoja na mabaki ya serikali na jeshi lake. Hapo ndipo lilipozuka jambo la ajabu. China ilikuwa miongoni mwa waasisi wa Umoja wa Mataifa, na ilikuwa na kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama, chenye haki ya kura ya turufu. Kiti hicho kilibaki mikononi mwa serikali iliyokuwa kisiwani, kwa kuungwa mkono na Marekani, huku serikali iliyotawala China bara, yenye watu mamia ya mamilioni, ikiachwa nje.

Mambo yakazidi kuwa mabaya ilipotokea vita vya Korea. Oktoba 1950 majeshi ya China yaliingia vitani kupambana na majeshi yaliyopigana chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na Februari 1951 Baraza Kuu la Umoja huo likapitisha azimio la kuitaja China kuwa mchokozi. Marekani ikaifungia biashara. Hivyo basi, kabla hata ya kutimiza miaka miwili, dola hiyo mpya ilikuwa na rafiki mmoja mkubwa, yaani Urusi ya Kisovieti, na maadui wengi. Watu wake walikuwa maskini, waliochoshwa na vita dhidi ya Wajapani na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyekuwa katika hali hiyo angeweza kufanya mawili: ama kununa na kujifungia ndani, ama kutafuta mlango wa uani.

China, kwa muda fulani, ilifanya yote mawili. Lakini aliyeutafuta mlango wa uani alikuwa Waziri Mkuu Zhou Enlai, ambaye pia alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje hadi mwaka 1958. Aprili 1954 China na India zilitia saini mapatano kuhusu Tibet, na katika utangulizi wake zikaandikwa kanuni tano za kuishi pamoja kwa amani: kuheshimiana mipaka na mamlaka, kutoshambuliana, kutoingiliana mambo ya ndani, usawa na manufaa kwa pande zote, na kuishi kwa amani. Mwaka huohuo Zhou alikwenda Geneva katika mkutano wa Korea na Indochina. Inasimuliwa kwamba huko Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, alikataa kumpa mkono. Mkono ule uliokataliwa tutakutana nao tena.

Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Aprili 1955, wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana Bandung, Indonesia. Siku chache kabla ya mkutano, ndege iliyokuwa imewabeba baadhi ya wajumbe na waandishi wa habari waliokuwa wakielekea huko kwa upande wa China ililipuliwa angani kwa bomu lililotegwa Hong Kong. Watu 16 walikufa. Zhou hakuwamo, alipitia njia nyingine. Alipofika mkutanoni alikuta baadhi ya wajumbe wanaushambulia ukomunisti waziwazi, na wengine wanasema kwamba ukoloni si wa Wazungu wa Magharibi peke yao, na wa Kisovieti pia upo. Angeweza kujibu kwa hasira. Badala yake aliigawa hotuba yake ndefu ikiwa imechapwa, kisha akasimama akasema maneno machache, kwamba ujumbe wa China umekuja kutafuta yale yanayotuunganisha, haukuja kugombana. Tena akasema kwamba serikali yake iko tayari kuzungumza na Marekani, na kweli mazungumzo ya mabalozi wa nchi hizo mbili yakaanza Agosti mwaka huohuo.

Hapo nataka msomaji asimame kidogo. Katika nchi zile 29, za Afrika zilikuwa sita tu: Misri, Ethiopia, Liberia, Libya, Sudan na Gold Coast, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Ghana. Sehemu kubwa ya bara letu ilikuwa bado chini ya wakoloni. Kwa mtu aliyepima mambo kwa mizani ya nguvu, Afrika haikuwa na uzito wowote. Zhou alipima kwa mizani nyingine. Mei 1956 Misri ya Nasser ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua serikali ya Beijing. Kisha ukaja mwaka 1960, na katika mwaka huo mmoja nchi 16 za Afrika ziliingia Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu la Umoja huo hakuna turufu. Burundi ina kura moja na Marekani ina kura moja. Wale waliokuwa hawana uzito walikuwa wameanza kuujaza ukumbi.

Je, China ilifanya nini ili ijulikane kwa watu hao wapya? Mwaka 1961 Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Tanganyika ilipata uhuru wake Desemba mwaka huohuo, Zanzibar na Kenya miaka miwili baadaye. Kabla hatujapandisha bendera zetu, palikuwa na Wachina waliokwisha kukaa chini kujifunza ngeli zetu na methali zetu ili waweze kutuambia habari zao. Anayejifunza lugha yako anakuambia, bila ya kusema, kwamba anatarajia kuzungumza nawe kwa muda mrefu.

Kisha Desemba 1963 Zhou alianza safari ya nchi kumi za Afrika iliyomaliza karibu miezi miwili. Alianzia Misri, akaenda Algeria, Morocco, Tunisia, Ghana, Mali, Guinea, Sudan, Ethiopia na kumalizia Somalia. Safari hiyo haikuwa nyepesi. Mapema Januari 1964 Nkrumah alinusurika kuuawa kwa risasi, na wengi walidhani mgeni angeahirisha kwenda Accra. Zhou alikwenda, akakubali kuonana na mwenyeji wake ndani ya ngome alimokuwa akiishi, pasipo sherehe za uwanja wa ndege. Ethiopia haikutaka kumpokea katika mji wake mkuu kwa kuihofia Marekani, basi akapokewa Asmara. Zhou alikubali hilo pia, na nchi hizo mbili zilikuja kufungua uhusiano wa kibalozi mwaka 1970.

Akiwa Ghana alitangaza kanuni nane za misaada ya China. Msaada usitazamwe kama sadaka ya upande mmoja, maana pande zote zinafaidika. Usiwe na masharti. Mikopo isiwe na riba, au iwe na riba ndogo. Lengo ni nchi inayosaidiwa isimame kwa miguu yake. Na kanuni ya mwisho, ambayo wanafunzi wangu waliipenda kuliko zote, ilisema kwamba mtaalamu wa Kichina anayetumwa nchi nyingine ataishi kama wataalamu wa nchi hiyo, hatadai makao ya pekee wala marupurupu ya pekee. Kwa watu waliozoea kuona mtaalamu wa kigeni akikaa katika nyumba ya mlimani penye upepo, huku karani Mwafrika akikaa bondeni, kanuni hiyo ilikuwa hotuba ya kutosha.

Nisiielezee China kana kwamba haikujikwaa. Katika safari hiyohiyo, Zhou alipofika Mogadishu aliisifu hali ya Afrika kuwa ni nzuri kwa mapinduzi. Yeye huenda alimaanisha mapinduzi dhidi ya wakoloni, lakini wakuu wa nchi waliotoka kupata uhuru juzi walijiuliza: mapinduzi dhidi ya nani tena? Ziara iliyotarajiwa Afrika Mashariki haikufanyika wakati ule, kwa kuwa Januari hiyohiyo majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yaliasi. Zhou alikuja Dar es Salaam Juni 1965, akayarudia maneno ya mapinduzi, na serikali ya Kenya haikufurahi hata kidogo. Kabla ya hapo, mwaka 1962, China na India, zilizoandika pamoja kanuni tano, zilikuwa zimepigana vita milimani kwa ajili ya mpaka. Ugomvi na Urusi nao uliendelea kukua hadi mwaka 1969 askari wa pande hizo mbili wakauana kwenye mto wa mpakani. Na katika Mapinduzi ya Utamaduni China iliwarudisha nyumbani mabalozi wake wote, isipokuwa Huang Hua aliyekuwa Cairo, na Agosti 1967 vijana wenye jazba wakaichoma moto ofisi ya ubalozi wa Uingereza mjini Beijing. Kazi ya miaka kumi na zaidi ilikaribia kubomolewa na wenyewe.

Katikati ya vurugu hizohizo, ahadi moja haikuvunjwa, nayo ni ahadi ya reli.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza darasani: "Mwalimu, nchi maskini kama ile, iliyotoka kwenye njaa kubwa ya mwaka 1959 hadi 1961, ilipata wapi fedha za kutujengea reli, na kwa nini?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na watu wazima, na nililijibu hivi.

Zambia haina bahari. Shaba yake ilipita Rhodesia kwenda kwenye bandari za kusini, na Novemba 1965 walowezi wa Ian Smith walijitangazia uhuru wao haramu. Kaunda akawa kama mtu ambaye njia ya kwenda kisimani kwake inapita katika ua wa adui. Tanzania na Zambia zilikuwa zimekwisha kuomba reli Magharibi. Wataalamu wa Benki ya Dunia walisema mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa. Wengine waliokuja baadaye walisema itafaa, lakini fedha hazikutoka. Mwalimu Nyerere alipokwenda China Februari 1965, wenyeji wake walisema wako tayari. Mapatano ya nchi tatu yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, ikakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988 bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Ama kuhusu fedha zilipotoka, sehemu ya jibu ilikuwa katika maduka yetu. Gharama za hapa nchini, kama vile mishahara ya vibarua na ununuzi wa mahitaji ya kambi, zililipwa kwa kuuza bidhaa za China katika Tanzania na Zambia. Wenye umri wangu wanazikumbuka baiskeli zile, mashuka, tochi, chupa za chai na mabeseni yenye maua. Kila mtu aliyenunua beseni la Kichina aliweka taruma moja katika reli pasipo kujua. Sehemu nyingine ya jibu ni jasho. Wachina kati ya 30,000 na 50,000 walifanya kazi humo kwa vipindi mbalimbali, pamoja na maelfu mengi ya Watanzania na Wazambia. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima na mabonde vimefuatana, walichimba mahandaki na kujenga madaraja katika matope ya masika. Wachina zaidi ya 60 hawakurudi kwao. Makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, na anayetilia shaka kanuni nane na aende akayatazame.

Lakini mwanafunzi wangu aliuliza pia, kwa nini? Hapa mwalimu wa historia anapaswa kusema kweli. Palikuwa na imani, kwani viongozi wale waliamini kweli kwamba ukombozi wa kusini mwa Afrika ni vita vyao pia. Palikuwa na ushindani, kwani China ilitaka kuonyesha kwamba inaweza kufanya yale ambayo Magharibi iliyakataa na Urusi haikuyafanya. Na palikuwa na kile kiti. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na China ilijua kwamba anayetaka kura hana budi kuwa na kitu mkononi. Sioni aibu katika hilo. Msaada usiokuwa na sababu ndio wa kuogopwa.

Wala upande wetu haukuwa mtoto aliyepewa pipi. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilituondolea msaada wa kijeshi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Wajerumani Mashariki, na Mwalimu akawaambia waondoe na msaada mwingine uliobaki. Desemba mwaka huohuo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi iliyofanya hayo haikuwa ikiuzwa. China ilitambua kwamba inashughulika na watu wenye msimamo, na watu wenye msimamo hawatafutwi kwa pipi.

Sasa tuje kwenye kura yenyewe. Tangu mwaka 1961 Marekani ilitumia hila moja ya kisheria: Baraza Kuu lilitangaza kwamba suala la uwakilishi wa China ni "suala muhimu", kwa hiyo lilihitaji theluthi mbili za kura. Mwaka 1965 kura za kuipa Beijing kiti zililingana, 47 kwa 47. Mwaka 1970 wanaounga mkono walikuwa 51 na wanaopinga 49, lakini theluthi mbili haikupatikana. Maji yalikuwa yanapanda pole pole. Tarehe 25 Oktoba 1971 Marekani, iliyowakilishwa na Balozi George Bush, ambaye baadaye alikuwa Rais, ilijaribu tena kizuizi kilekile. Safari hii kilishindwa kwa kura 59 dhidi ya 55. Tofauti ilikuwa kura nne. Kisha azimio lenyewe, namba 2758, likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, na nchi 17 hazikupiga upande wowote. Wajumbe wengi wa Afrika walishangilia ukumbini, na kijana Salim Ahmed Salim, Balozi wetu wa umri wa miaka 29, alikuwa mmoja wa waliolipigania azimio hilo. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu wakati huo, na nakumbuka jinsi habari hiyo ilivyojadiliwa bwenini hadi usiku, kana kwamba ni timu yetu iliyoshinda.

Kura 26 kati ya zile 76 zilitoka Afrika. Inasimuliwa kwamba Mao mwenyewe alisema ni marafiki Waafrika waliowabeba hadi ndani. Ni kweli kwamba si Afrika yote iliyounga mkono. Ivory Coast na Malawi, kwa mfano, zilipinga. Tena ni kweli kwamba wakubwa walikuwa wamekwisha kuanza kugeuka. Kanada na Italia ziliitambua Beijing mwaka 1970, Ufaransa tangu 1964, na Julai 1971 Henry Kissinger alikuwa ameingia Beijing kwa siri akitokea Pakistan. Siku ya kura yenyewe alikuwa Beijing kwa mara ya pili. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kizuizi kilianguka kwa tofauti ya kura nne, na hizo ni nchi nne tu ambazo katika ramani ya dunia unaweza kuzifunika kwa kidole.

Baada ya hapo milango ilifunguka moja baada ya mwingine. Tarehe 21 Februari 1972 Rais Nixon aliteremka ndege mjini Beijing akiwa ametangulia kunyoosha mkono kwa Zhou Enlai, kwa kuwa alijua habari ya mkono uliokataliwa Geneva miaka 18 nyuma. Septemba mwaka huo Japani ikafuata. Tarehe 1 Januari 1979 Marekani na China zikafungua uhusiano kamili wa kibalozi. Zhou hakuiona siku hiyo. Alifariki Januari 1976, miezi sita kabla ya reli yetu kukabidhiwa.

Wapo wasemao kwamba, baada ya kupata kiti, China ilitusahau. Mwaka 1981 unajibu kwa sehemu. Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia. China nayo, ikisema kwamba zamu ni ya Dunia ya Tatu, ikatumia turufu mara 16 kumzuia Kurt Waldheim asipate kipindi cha tatu. Salim hakukipata cheo, kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru, lakini akiba haikuoza.

Tangu hapo dunia imebadilika sana. Mwaka 2000 mkutano wa kwanza wa ushirikiano wa China na Afrika ulifanyika Beijing. Mwaka 2009 China ikawa mshirika mkubwa kuliko wote wa biashara na Afrika. Kufikia mwaka 2018, ni Eswatini peke yake barani iliyobaki na uhusiano wa kibalozi na Taiwan. Machi 2023 Saudi Arabia na Iran, mahasimu wa siku nyingi, zilipatana Beijing. Aliyekuwa akibisha hodi sasa ndiye anayefunguliwa mlango kwa haraka, na wengine ndio wanaobisha kwake.

Na hapa ndipo penye mtihani. Kuheshimu wadogo wakati unazihitaji kura zao ni busara; kuwaheshimu wakati huzihitaji tena ndiyo tabia. Mwaka 1979 China iliishambulia Vietnam, jirani yake mdogo. Mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilitoa hukumu kuhusu bahari ya kusini ya China kwa kuipendelea Ufilipino, na China ikakataa kuitambua. Hayo si mambo madogo kwa taifa lililoandika kanuni ya kuheshimiana mipaka. Kwetu pia, mikopo mingi ya leo si ile ya bila riba na miaka 30. Ni mikataba ya kibiashara, ina tarehe zake na masharti yake, na makampuni yanayojenga yanakuja kutafuta faida. Hilo si kosa. Kosa ni kuusoma mkataba wa leo kwa miwani ya mwaka 1967.

Nawasikia vijana wakibishana: wengine wanamwita Mchina mkombozi, wengine mkoloni mpya. Pande zote mbili zinafanana kwa jambo moja, maana zote zinamfanya Mwafrika kuwa mtu wa kutendewa tu. Historia niliyoieleza haisemi hivyo. Inasema kwamba palikuwa na upande wetu uliojua unachokitaka, uliokwisha kugonga milango mingine, uliokataa fedha ulipoona zina kamba, na uliojua thamani ya kura yake. Heshima tuliyopewa na China haikushuka kutoka mbinguni. Tuliilipia kwa msimamo.

Tena iko tofauti moja inayonisumbua. Wao walijifunza Kiswahili mwaka 1961, wakati hatukuwa na kitu cha kuwauzia. Sisi, katika miaka yote iliyofuata, tumewatoa wangapi wenye kuweza kuusoma mkataba katika Kichina, kuifuata hotuba ya mkuu wao bila ya mkalimani, au kueleza kwa nini jimbo hili la China lina sauti kuliko lile? Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya maelewano ya kuifufua ile Reli ya Uhuru, ambayo haikupata kubeba tani milioni mbili kwa mwaka zilizotarajiwa. Patakuwa na mikataba mingine baada ya huo, na vizazi vitakavyoilipa bado viko madarasani.

Basi, kama ningekuwa bado na darasa, ningewaambia wanafunzi wasiishie kuisifu China wala kuilaumu. Wajifunze jinsi ilivyosafiri: ilijua inachokitaka, ikangoja miaka 22, ikajikwaa ikainuka, na haikumdharau yeyote mwenye kura. Kisha wajiulize sisi tunataka nini, na ni nani katika dunia hii, mkubwa au mdogo, ambaye hatujapata kumsalimu. Kura yetu iko palepale ilipokuwa mwaka 1971, nayo bado ni moja, sawa na ya Marekani na sawa na ya China yenyewe.